TAHADHARI: Kuna tapeli anauza jeki za slabu hapa Dar

Wadau, kuna jamaa anatangaza mitandaoni jeki za chuma, yaani nguzo za kushikilia slabu (sakafu ya zege ya juu), zile za bomba mbili zenye pini na nati ya kupandishia. Anawinda wenye ghorofa moja ambao slabu imeanza kubonyea. Anaanza kwa kukutajia jengo la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024, anakuuliza kama usingizi unakuja, kisha anakuahidi kwamba jeki nne zikisimama katikati ya sebule umemaliza kazi maisha. Nusu ya hela anaitaka kwa simu kabla ya kupakia.

Shangazi yangu wa Tabata alishushiwa mzigo usiku, kwa kirikuu. Nilizikuta asubuhi hazijasimamishwa, rangi nyekundu bado inanuka. Nilikwangua kwa sarafu: chini yake kutu tupu, inabanduka vipande vipande. Moja bomba lake la ndani limeungwa kwa kuchomelea katikati, kiungo kikasagwa na kufunikwa na rangi. Pini mbili hazikuwa pini bali vipande vya nondo ya milimita 10 vilivyokunjwa ncha. Hapo nilichoka kabisa, maana uzito wote wa juu unapita kwenye pini. Ikikatika, bomba la ndani linazama na slabu inalifuata. Jeki nyingi za saiti zina bomba la nje la kama milimita 60 na la ndani 48, zinaingiliana vizuri. Hizi zilikuwa zinacheza kama mchi kwenye kinu.

Na hata zingekuwa mpya, hilo neno lake la "maisha" ni uongo. Jeki hizi ni za muda: kushikilia mbao mpaka zege likomae, au kubeba mzigo wakati fundi anakarabati. Kadiri unavyoivuta ndivyo inavyobeba kidogo, kwa kuwa bomba refu hupinda upesi. Yeye anaapa inabeba vilevile hata ikifika tundu la mwisho.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Slabu ya kawaida, pale katikati ya chumba, nondo zake zimelazwa upande wa chini. Ukiisukuma kwa nguzo hapohapo, mvutano unahamia juu, ambako mara nyingi hakuna nondo, na ufa mpya unafunguka kwenye sakafu ya juu. Tena ukiiweka jeki juu ya vigae vilivyolalia kifusi, kitako kinadidimia tu.

Shangazi alipodai hela yake akajibiwa, "Mama, mzigo ukishashuka haurudi." Risiti ya EFD hakuna. Baada ya hapo simu haipatikani, na wiki hii nimeona picha zilezile kwa namba nyingine, safari hii anajiita wa Buguruni. Msikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: kama hataki uzione mchana, uchomoe pini na kuzungusha nati mwenyewe kabla ya kulipa, achana naye.

Slabu ikibonyea, ita mhandisi aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) aikague kwanza. Akisema ishikiliwe kwa muda, kodi jeki kwa watu wenye yadi inayoonekana, naye akuonyeshe zisimame wapi. Ujumbe wa huyu jamaa ukikufikia, utume pamoja na namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Picha za zile pini ninazo, anayezitaka aniandikie.