Kijitabu cha kupiga kura nilichowanunulia darasa la tano: ule ukurasa wa tisa

Nimesubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka.

Kama mwezi mmoja au miwili nyuma nilitoa hela yangu mfukoni nikanunua nakala kumi na mbili za kijitabu cha watoto kinachoeleza kupiga kura hapa Tanzania. Wanafunzi wangu wakipewa maandishi yoyote wanamtafuta Sungura na Fisi. Nilitaka wazoee kusoma kitu kisicho hadithi: watazame vichwa vidogo, wasome maelezo ya chini ya picha, wajue neno gumu linatafutwa wapi.

Mwanzoni nilifurahi kweli. Lugha ni nyepesi, na maneno ya kituoni yote yamo: daftari la kudumu, karatasi ya kura, kituturi (kile kijichumba cha kupigia kura), wakala. Kuna kipande kinasema vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na aliyekwisha kupanga foleni muda huo harudishwi nyumbani. Watoto walikipenda, wakataka kukisoma tena.

Tukafika ukurasa wa tisa. Maandishi yanasema kura ni siri. Picha iliyo juu yake ni ya mama aliyetoka kwenye kituturi, kanyanyua karatasi yake wazi, alama ya vema inaonekana, na wakala wa chama kasimama pembeni anaisoma huku anatabasamu. Hata kuikunja hakuikunja! Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa hanyooshi mkono, akauliza: "Mwalimu, tuamini maneno au picha?"

Marehemu bibi yangu aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba kura yake inajulikana, na alipiga kwa hofu kila mara. Ndiyo maana picha ile haikunipita. Mtoto wa miaka kumi husoma picha kwanza, na picha ndiyo atakayobaki nayo akifika 18.

Nikapiga namba ya wachapishaji iliyo nyuma ya jalada. Aliyepokea nilimsalimu kwa heshima, nikamweleza taratibu. Jibu lake: "Mwalimu, hao watoto wanapiga kura lini? Wewe fundisha tu." Akakata simu. Nilirudi darasani mikono inatetemeka.

Makosa mengine nawasamehe. Jina la Tume ya Uchaguzi halina neno "Huru" kwa sababu kilichapwa kabla ya 2024, na hilo lilitupatia kipindi kizuri cha kutafuta mwaka wa kuchapwa na kujiuliza nini kimebadilika tangu hapo. Wasioona hawakutajwa popote. Kuna mwanafunzi babu yake haoni, ikabidi nieleze mwenyewe kwamba mzee anaweza kwenda na mtu anayemwamini amsaidie, na kwamba kuna kifaa cha nukta nundu.

Nilikusudia kuandika neno moja: msinunue. Ila nitakuwa sisemi kweli nikiishia hapo, maana lile swali la dawati la nyuma lilifungua kitu. Darasa zima lilianza kuulinganisha kila mstari na picha yake, kurasa zote, kidole juu ya karatasi. Sijawahi kuwaona wakisoma hivyo. Kisha nikawaambia wachore ukurasa wa tisa unavyotakiwa kuwa. Mmoja alichora karatasi imekunjwa mara mbili, wakala yuko mbali amekaa, chini akaandika: "Hapa hakuna anayeona."

Basi mwalimu mwenye muda akinunue, aanzie ukurasa huo huo. Mzazi anayetaka mtoto asome peke yake nyumbani, asikiguse. Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya kile kipindi, lakini nikiikumbuka "fundisha tu" naona hata mbili ni nyingi. Nakala zote kumi na mbili sasa zina mchoro wa mtoto uliobandikwa juu ya picha yao, na gundi nimenunua mimi.