Constitution Hill, Johannesburg: usiishie gerezani

Wageni wengi huja kuona Number Four, gereza walimofungiwa wanaume Weusi enzi za makaburu. Inafaa kuliona. Lakini mimi nafundisha somo la uraia, na kila mwaka wanafunzi huniuliza: serikali ikishachaguliwa na wengi, nani tena wa kuizuia? Jibu nililitafuta kwenye jengo la jirani, Mahakama ya Katiba, iliyofunguliwa hapo mwaka 2004.

Imejengwa kwa matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa. Nyuma ya viti vya majaji 11 kuna dirisha refu, jembamba, ambalo miguu ya wapita njia huonekana. Niliketi kwenye viti vya wasikilizaji, nikavitazama vile viatu muda mrefu.

Mwaka 1995, kabla hata ya kuwa na jengo hili, majaji wote 11 walifuta adhabu ya kifo. Rais wa mahakama, Arthur Chaskalson, alikuwa tayari kukubali kwamba huenda wananchi wengi waliitaka. Akaandika kwamba kama maoni ya umma ndiyo yangeamua, mahakama ya katiba isingehitajika. Ipo kwa ajili ya walio wachache na wengine ambao kura haiwezi kuwalinda.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ndogo. Msichana wa asili ya Kihindi, mwanafunzi wa shule ya serikali mjini Durban, alikatazwa kuvaa kipini cha pua. Mwaka 2007 Jaji Mkuu Pius Langa aliamua kwamba alistahili kuruhusiwa. Binti alikuwa ameshaondoka shuleni, lakini mahakama haikuona kipini ni kitu kidogo mno kwake. Hapo ndipo ninapoipa heshima.

Siipi alama zote. Mwaka 2002 Rasta aliyesomea sheria aliomba Marasta waruhusiwe kutumia bangi katika ibada yao. Alishindwa, majaji watano dhidi ya wanne, na naamini wale wanne ndio waliokuwa sahihi. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliruhusu mtu mzima kuitumia faraghani, ila kwa haki ya faragha, si ya dini. Swali la ibada yao likabaki palepale.

Ukipanga safari, tazama kwanza kalenda ya mahakama, kwa sababu husikiliza kesi kwa mihula. Vikao ni vya wazi, huhitaji mwaliko. Anza na gereza asubuhi, kisha ingia usikilize.