Glavu ilikuwa inapumua: uzoefu wangu na kozi ya laini za stima

Sijui niwaambie mwende ama msiende, wacha nieleze kwanza mtaamua wenyewe, kwa sababu hadi leo nikikumbuka hasira inarudi upya.

Chuo sitakitaja. Kiko hapahapa Nairobi, matatu mbili kutoka kwangu Kayole. Mimi ni fundi wa waya za nyumba, nimezoea volti 240, nikataka kuhamia laini za nje, zile za volti 11,000, maana kandarasi siku hizi ziko huko. Nikalipa fee yote mara moja, pesa ya chama ya mama watoto ikiwa ndani, ndio maana hii stori inaniuma pande mbili.

Masomo ya darasani sina neno nayo. Walituimbisha mpaka tukakariri: zima, piga kufuli, pima kama kuna stima, funga athi (yaani unganisha laini na ardhi kwa waya), ndio uguse. Laini haijafungwa athi haijakufa, hata kama umeizima na mkono wako mwenyewe, kwa sababu kuna mtu huko mtaani ana jenereta na hana chenjiova, ile swichi ya kutenga jenereta na laini ya nje, stima yake ya 240 inaingia transfoma kinyumenyume na transfoma inaipandisha inakuwa 11,000 hapo juu ya kichwa chako. Hiyo iliniingia. Shida ni iliniingia sana.

Sasa siku ya kupanda juu ya posti za stima. Ilikuwa mwezi wa saba ama wa nane hivi, ile baridi ya kuvaa sweta mbili. Tuko watu kumi na kitu, glavu za mpira pea 3. Yangu nikaikunja kuanzia mdomoni, hewa ikabanwa ndani, nikaiweka karibu na shavu vile wao wenyewe walitufundisha. Fsss. Hapo kati ya kidole gumba na cha shahada. Glavu inapumua! Nikainua mkono nikasema mwalimu, hii iko na shimo. Mnajua alinijibu nini? "Umekuja kusomea laini ama umekuja kukagua mali ya chuo?" Wote wakacheka, hata wale nilikuwa nimewanunulia chai na mandazi saa nne. Nikamwambia kwa heshima kabisa, basi mwalimu, angalau tupime na tufunge athi kwanza. Akasema laini ya uwanjani haijaunganishwa na kitu, ni ya mazoezi, panda ama utoke kwa foleni wenzako wapande.

Pengine ni kweli haijaunganishwa, sikatai. Lakini sasa unanifundisha nini? Mkono ukishazoea kugusa bila kupima hapo uwanjani kwenye jua, utakumbuka kupima saa nane usiku mvua ikinyesha na mtaa mzima uko chini ya posti unakutukana urudishe stima? Hata ile sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka mfanyakazi akiona hatari aripoti, sawa mimi ni mwanafunzi si mfanyakazi, lakini si ndio nasomea kuwa? Nikatoka kwa foleni. Na yeye akaniandika eti sikufika. Nimesimama mbele yake, helmeti kichwani, nimeandikwa sikufika!

Hapo nilikuwa niende nyumbani nije niandike nyota moja nimalize. Lakini kulikuwa na mzee wa stoo, alikuwa mtu wa laini zamani kabla mgongo uharibike, akaniita, "Kijana, kuja hapa." Akanipa nyundo. "Gonga, usikilize." Posti isiyooza ina mlio mkavu, umeshikana, ile imeoza ndani inalia kama debe tupu. Akanionyesha kuchimba kidogo pale posti inapoingia mchangani, kwa sababu kuoza huanzia hapo chini na wewe macho yako yote yako juu kwa waya. Baadaye akavalisha gunia la mchanga ovaroli, akaning'iniza kule juu na mkanda, akasema huyo ni rafiki yako amepigwa na stima, mlete. Kamba unaipitisha juu ya mti wa kukingama, ule umelala juu ya posti kubeba waya, unamfunga kifuani chini ya kwapa, unakaza ndio ukate mkanda wake, umteremshe pole pole. Mara ya kwanza nilichukua dakika 7. Mzee akaangalia saa akasema, "Umeleta maiti." Bila hewa ubongo unaanza kuharibika kwa kama dakika 4. Nilirudia mpaka mikono ikatetemeka, nikafika 3 na nusu, na sijawahi kulipia kitu maishani kikanifaa kama hizo saa mbili, na hizo hata hazikuwa kwa taimtebo.

Kwa hivyo ni nyota tano? Nilikuwa karibu niseme hivyo. Halafu nikaenda ofisini kuuliza cheti nikaambiwa nilipe tena pesa ya praktiko kwa sababu "sikufika". Zero. Msiende. Ama mwende lakini mbebe glavu zenu na mumtafute mzee, instrakta mumsalimie tu mpite.

Sasa nasikia kuna intake ingine. Nimempigia mzee simu nikamuuliza kama glavu zimenunuliwa. Amecheka tu, akaniuliza watoto wako salama?