Ujamaa saizi ya kijiji vs saizi ya nchi: nyota zangu hizi hapa

Kila siku watu wanabishana eti usoshalisti unafanya kazi au haufanyi, mi nauliza saizi gani? Maana hii kitu inakuja kwa saizi mbili na hazifanani kabisa.

Saizi ndogo naipa nyota nne. Wahutterite, Wakristo fulani wanaoishi kwa pamoja kule Kanada na Marekani, mpaka leo mali ni ya wote, na koloni, yaani kijiji chao, ikifika kama watu 150 hivi wanaigawa zinakuwa mbili. Wana akili hao, 150 bado mnajuana. Niliwahi kukaa kwenye nyumba ya watu wengi tukiwa na mfuko mmoja, hakuna katiba hakuna mkaguzi, lakini mtu akikwepa zamu ya masufuria nyumba nzima inajua ni nani, akiingia jikoni stori zinakatika ghafla, dakika mbili nyingi utamwona anatafuta steliwaya mwenyewe. Nyota ya tano nimeikata kwa sababu macho hayohayo yanachosha, ukinunua viatu tu unajikuta unajieleza. Hata Degania huko Israeli, kibutzi (kijiji cha mali ya pamoja) cha kwanza kabisa cha mwaka 1910, ilipofika 2007 wakaamua kila mtu alipwe kulingana na kazi yake.

Saizi ya nchi nyota mbili. Huku humjui anayelala wakati we unalima, kwa hiyo badala ya macho zinakuja fomu na malengo, na malengo watu wanayachezea tu. Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alilalamika kwamba viwanda vya Kisovieti vinatengeneza taa za dari nzito kupita kiasi, kisa mpango unapimwa kwa uzito!

Ila tusisingizie ukubwa peke yake jamani. Kule Ruvuma vijiji kama Litowa watu waliingia kwa hiari yao, wanapanga wenyewe kazi na mapato, na mambo yalikuwa yanaenda, afu 1969 TANU, chama tawala, ikauvunja umoja wa vijiji hivyo. 1973 kuishi vijijini ikawa amri, watu wakahamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikabomolewa ili wasirudi. Jina lilelile ujamaa, ila hiari imeshatolewa, sasa hapo unategemea nini? Mtu aliyeletwa na lori shamba la wote atalilima kwa moyo gani.

Sehemu moja tu saizi kubwa inaipiga ndogo vibaya, nayo ni matibabu. Kikundi cha watu 40 wawili wakipata figo mbovu mfuko umekwisha, nchi nzima ikichangia hata haitikisiki. Hizo nyota mbili zote zimetoka hapo.

Mnaotaka kuanzisha kikundi chukueni ndogo, ila kabla hamjachanga hata shilingi andikeni mtu akitaka kuondoka anaondoka na nini.