Kristali za Preciosa na kioo cha kamba: uzoefu wangu wa kutunga vidani hapa Mombasa

Nianze na hukumu, nisiwazungushe. Kristali nzuri, yaani punje za kioo zilizokatwa kwa mashine, zinastahili bei yake kwenye kidani cha kuvaliwa usiku, karibu na uso, chini ya taa kali. Kwa bangili ya kwendea sokoni Marikiti asubuhi, kioo cha kawaida cha kamba, yaani punje za bei nafuu zinazouzwa zikiwa zimetungwa kwenye kamba, kinatosha na kusaza. Na kwa sisi tunaoishi na upepo wa bahari mlangoni, shilingi ya kwanza isiende kwenye kristali hata kidogo. Iende kwenye uzi na kifungio.

Mimi natunga kwa kujifurahisha tu, usiku watoto wakishalala, mezani, na sinia nililolitandika kipande cha blanketi ili punje zisikimbie. Sina duka. Wanaovaa ni watu wa nyumbani: shangazi zangu, wifi yangu, na shoga zangu wawili watatu ambao wakiona kitu kizuri hawajui kunyamaza. Kwa hiyo malalamiko hunifikia upesi, na ndiyo yaliyonifundisha mengi ya haya ninayoyaandika.

Nje niliagiza kristali za Preciosa, kampuni ya Kicheki, za umbo la baikoni, yaani koni mbili ndogo zilizoungana kitako kwa kitako, ukubwa wa 4 mm. Grosi mbili, kila moja punje 144: moja nyeupe yenye mng'ao wa rangi rangi, nyingine kijani cha zamaradi. Nikaongeza pakiti za shanga ndogo za Miyuki kutoka Japani, saizi 11/0, ambazo punje yake ni kama 2 mm, za kujazia katikati. Hapa mjini nikanunua kamba za kioo cha Uchina cha umbo lile lile na ukubwa ule ule, kwenye duka la nyuzi na vifungo karibu na wauza leso wa Biashara Street. Kamba ya Uchina nililipa shilingi 150. Grosi ya Preciosa, ukijumlisha usafiri na ushuru, ilikaribia 2,500. Ukitaka kujua hiyo ni kazi kiasi gani, piga hesabu hivi: bangili ya mstari mmoja ya sentimita 18, ukitoa sentimita mbili za kifungio, hula punje 40. Grosi moja basi ni bangili tatu na punje za kubaki za kutosha jozi mbili za herini.

Wengi huniuliza mbona si Swarovski, ile kampuni ya kristali ya Austria. Jina hilo limezoeleka hata kwa vitu ambavyo havijawahi kuiona Austria. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itaacha kuuza punje zake kupitia maduka ya watu wa kazi za mikono kama sisi. Kwa hiyo ukionyeshwa leo pakiti mpya yenye jina hilo kwa bei ya kutupa, ujue ni akiba ya zamani au ni uongo, na mwenye akiba ya zamani haiuzi kwa bei ya kutupa. Preciosa ni Wacheki, kutoka Jablonec nad Nisou, eneo la Bohemia ambako kioo kimekuwa riziki ya watu kwa karne nyingi. Daniel Swarovski mwenyewe alizaliwa huko huko Bohemia. Alisajili mashine yake ya kukatia kioo mwaka 1892, na mwaka 1895 akahamia Wattens, Austria, apate nguvu ya maji ya kuendeshea kiwanda na awe mbali na waigaji. Asili yao ni moja, na mimi kwa macho yangu sioni upungufu wa kunifanya nihangaikie lile jina jingine. Tena kioo cha Kicheki si kigeni kwetu: ndicho kilichowapamba Wamaasai kwa vizazi kadhaa.

Sasa tofauti yenyewe. Mimina punje chache za kila aina kwenye kiganja, usimame dirishani. Ya Kicheki ina kingo kali na nyuso zake zinakutana kwenye ncha bila kupishana. Tundu limepita katikati, na punje zote zimelingana. Ya kamba ina kingo zilizolegea kidogo, kama sabuni iliyokwisha kutumika, na tundu mara nyingine limekaa upande. Kila kamba ina punje za kutupa: iliyomeguka mdomo, iliyo fupi kuliko wenzake, iliyobaki na rangi upande mmoja. Ukitunga mstari mmoja wa moja kwa moja, kasoro hizo hazionekani, wala hakuna atakayekuja na rula shingoni mwako. Shida inakuja unapofuma miraba, ule mtindo wa punje nne nne ambapo sindano inazunguka na kurudi. Hapo punje moja iliyo fupi inavuta mraba wake, mraba unavuta jirani, na ukifika mwisho bangili imepinda. Za Kicheki hukaa sawa bila kubembelezwa. Kwa ufumaji wa aina hiyo mimi sirudi tena kwenye kamba, labda nikiwa na subira ya kuchambua, nami subira hiyo sina.

Kuhusu kung'aa, hapa ndipo watu wanapodanganyana. Dukani kila kitu kinang'aa, kwa sababu muuzaji ameweka vitaa vidogo vikali juu ya kioo cha meza. Kristali inahitaji mwanga unaotoka mahali pamoja, ndipo iutawanye kwa cheche. Chini ya taa ndefu za mirija, zile za sebuleni kwa wengi wetu, mwanga unakuja kutoka kila upande na kristali ya bei ghali inafanana na kioo tu. Nililiona hili waziwazi kwenye kupamba. Wasiojua harusi zetu, hiyo ni shughuli ya wanawake: bi harusi ameketi jukwaani, buibui zimevuliwa, kila mtu yuko na alichokificha mwaka mzima. Shangazi yangu alivaa kidani cha Kicheki na binti yake cha kamba, muundo mmoja, rangi moja. Walipokuwa kwenye meza za chakula, chini ya mirija, hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi. Walipopanda jukwaani kumtunza bi harusi, pale penye taa za kumulika, shangazi alikuwa anarusha cheche mpaka kidevuni, na cha binti yake kilimeta tu. Shangazi aliniambia, "Mwanangu, hiki usimtungie mtu mwingine." Nimeshakitunga tena, ila kwa rangi nyingine.

Nije kwenye uzi, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Vidani vingi vinavyouzwa tayari mjini vimetungwa kwa mshipi wa nailoni, ule wa uwazi. Ni rahisi, hauonekani, na unapita kwenye tundu bila sindano. Lakini unavutika. Baada ya muda kidani kinalegea na kuacha mapengo, na mdomo wa tundu la kioo ni mkali, unausugua mshipi kila unapogeuza shingo. Wifi yangu alinunua kimoja, duka silitaji, kikamkatikia ukumbini akicheza. Punje ziliingia chini ya viti, na watoto wakazikusanya kama peremende. Alinipa zilizosalia nimtungie upya.

Mimi natumia FireLine, uzi mwembamba uliosukwa ambao hauvutiki na haukatwi ovyo na kioo. Ule wa nguvu ya kuhimili ratili 6 una unene wa 0.15 mm, unapita mara tatu hadi nne kwenye punje ya 4 mm kwa sindano namba 12. Kichekesho ni kwamba huu ni uzi wa wavuvi hasa, wala haukutengenezwa kwa ajili ya shanga. Nikiwa bado nahangaika kuutafuta kwa wauza shanga, binamu yangu anayevua Mtwapa aliniangalia akacheka: "Dada, huo si uzi wetu? Hata kolekole haukati." Kwa hiyo hapa Mombasa nenda kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, uombe uzi wa kusuka ulio mwembamba kabisa, na huenda ukalipa pungufu ya anachotoza muuza shanga kwa kipande kifupi.

Una kasoro zake. Ule wa rangi ya moshi unaacha weusi vidoleni, na chini ya kristali nyeupe unaonekana kama mstari wa penseli. Ufute kwanza kwa kitambaa kikavu, au kwa kazi nyeupe nunua ule mweupe. Pia hutafuna makasi. Tenga makasi ya zamani, usiguse ya kukatia nguo ukitaka amani na fundi wa nyumbani. Na joto letu hili, vidole vikilowa jasho, fundo linateleza kabla hujalikaza. Mimi huweka taulo pajani na feni nyuma yangu, kamwe si mbele, kwa sababu feni ya mbele inatikisa uzi na kuupoteza.

Kifungio sasa. Vifaa vinavyokuja na seti za kuanzia, vile vya rangi ya dhahabu, ni shaba nyeupe au chuma kilichopakwa utando mwembamba. Nairobi pengine vinaishi. Hapa, kwa chumvi ya hewa na jasho la shingo, utando unaondoka, kunabaki weusi, mara kijani, na wenye ngozi nyepesi wanaanza kujikuna. Mara nyingi anayewasha ni nikeli iliyo chini ya utando. Kuna seti moja niliyoletewa zawadi, nzuri kwa kila kitu, kisanduku, koleo ndogo, rangi za kupendeza, lakini kulabu zake za herini sikuthubutu kumpa mtu. Nilitoa kristali, vyuma nikavitupa.

Nimehamia chuma cha pua. Kiko cha daraja la 304 na cha 316, na hiki cha pili ndicho kinachostahimili chumvi zaidi kwa sababu kimechanganywa na molibdenamu. Hakina wekundu wa dhahabu, ni rangi ya fedha tu, na shangazi zangu hawakukipenda mwanzoni. Fedha ya 925, yaani yenye fedha asilimia 92.5, ni nzuri na ina heshima, ila nayo hufifia ukiiacha wazi, na lazima uifute mara kwa mara. Kwa anayetaka rangi ya dhahabu, bado sijapata jibu la bei ya wastani. Dhahabu yenyewe ina wenyewe, na sonara wa Mji wa Kale hatakufungia kulabu kwa bei ya shanga.

Nizungumzie ule mng'ao wa rangi rangi, kwa kuwa ndio unaopendwa zaidi na ndio unaoharibiwa zaidi. Hauko ndani ya kioo. Ni utando mwembamba wa metali uliowekwa juu ya punje, mtindo ulioanzia kwa Swarovski na nyumba ya mitindo ya Christian Dior mwaka 1956. Utando huu hauelewani na marashi ya spiriti wala mafuta ya nazi, na sisi ni watu wa vyote viwili, pamoja na udi juu yake. Utaratibu ninaowapa wote ninaowatungia ni huu: jifukize, jipake, jipulizie, vaa nguo, kidani kiwe cha mwisho. Ukirudi, kivue kwanza kabla ya chochote, ukifute kwa kitambaa laini, ukiweke kwenye kifuko kinachofungwa pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja kwenye maboksi ya viatu. Wanaonisikiliza, punje zao bado zina rangi zote. Zamaradi haina shida hiyo, rangi yake imo ndani ya kioo chenyewe, kwa hiyo ukiwa mvivu wa kufuta, nunua rangi za aina hiyo.

Jambo moja kwa wenye watoto. Kristali ya zamani ilitengenezwa kwa risasi nyingi ili ing'ae, na viwanda vikubwa vimeiondoa. Swarovski ilibadilisha mchanganyiko wake mwaka 2012. Kioo cha kamba kisicho na jina huwezi kujua kimechanganywa na nini. Usimtungie mtoto wa kutia kila kitu mdomoni, achilia mbali hatari ya kukabwa na punje.

Kuhusu muda: bangili ya mstari mmoja ni kazi ya jioni moja. Kidani cha miraba ni jioni nyingi, macho yanauma, na stima ikipotea huwezi kuendelea kwa mwanga wa simu. Ndiyo maana wakiniambia niuze nacheka. Bei ya punje naijua, bei ya macho yangu siijui, na mnunuzi wa Mombasa ataanza na "nipunguzie" kabla sijafungua kifuko.

Agizo langu lijalo ni grosi moja tu ya Kicheki, nyekundu iliyoiva, kwa ajili ya mbele ya kidani, na kamba za Uchina za rangi inayokaribiana kwa sehemu ya nyuma ambayo mtandio utaifunika. Kulabu za chuma cha pua sasa zinapatikana kwenye lile lile duka la Biashara Street, ila hazipangwi mbele. Muulize mzee mwenye duka, atazitoa kwenye droo ya chini, na huziuza kumi kumi.