Uzoefu wangu: WhatsApp, SMS na sauti ya mwalimu huku Newala

Nafundisha Hisabati katika shule ya kata huku Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Tangu 2020 natumia simu yangu kuwasiliana na wazazi na kuwasaidia wanafunzi wakiwa nyumbani. Nimejaribu kundi la WhatsApp, orodha ya matangazo, SMS za kawaida, na hata programu moja ya kulipia ambayo tuliiacha baada ya muhula mmoja. Naandika kwa ajili ya mwalimu mwenye darasa kama langu: nusu ya wazazi wana simu janja, nusu wana kitochi, na bando linatoka mfukoni mwake mwenyewe.

Kundi la kwanza nililifungua korona ilipofunga shule, tarehe 17 Machi 2020. Shule zilikuja kufunguliwa Juni 29, na miezi yote ile nilikuwa napiga picha kurasa za kitabu, natuma, naandika maelezo marefu chini yake. Kimya. Naona ujumbe umesomwa, lakini jibu hakuna. Nikaanza kuamini kwamba wazazi hawajali. Jioni moja nilikuwa nimechoka kuandika, nikabonyeza kile kipaza sauti nikasema, "Shikamooni wazazi wangu, naitwa mwalimu wa Hisabati wa kidato cha kwanza," nikaeleza kazi ya wiki ile. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili akanijibu kwa sauti pia: "Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo nimekusikia."

Ujumbe wangu wote ulikuwa unamfikia. Macho yake tu hayasomi tena maandishi madogo, na mjukuu aliyekuwa anamsomea ndiye huyohuyo niliyekuwa namlalamikia kwamba hafanyi kazi. Tangu siku hiyo ujumbe wa sauti ndio chombo changu cha kwanza, na kwa hicho natoa alama ya juu kabisa bila kusita.

Ninavyoufanya: dakika moja, isizidi. Salamu kwanza, tena salamu kamili, maana huku mtu asiyesalimia hasikilizwi. Halafu nataja kidato, kisha jambo moja tu. Sauti ya dakika moja haifiki hata MB moja, kwa hiyo mwenye bando la mia tano haumii kama anavyoumia nikimtumia video. Na sauti inarudiwa. Mzazi anaisikiliza asubuhi, akirudi jioni anamwekea mtoto, "Msikie mwalimu wako anavyosema."

Kwa somo lenyewe nimeufanya utaratibu niuitao swali la Jumapili. Naandika swali moja daftarini, napiga picha hatua zote, kisha narekodi sauti inayofuata hatua moja baada ya nyingine. Kidato cha kwanza wanalihitaji sana hili. Mtoto ametoka darasa la saba akijua vizuri kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika kwa Kiswahili. Akifika sekondari jambo lilelile linakuja kwa Kiingereza, naye anakaa kimya kama hajawahi kuliona. Darasani nina vipindi vichache na watoto wengi. Jioni, kwa sauti, namkumbusha: hii ndiyo KKS uliyoifanya darasa la tano, imebadili jina tu. Nimeona nyuso zikifunguka Jumatatu kwa sababu ya sentensi hiyo moja.

Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na mimi naunga mkono. Simu ninayoisema hapa ni ya mzazi, saa moja usiku, akiwa ameshaitoa kwenye kibanda cha kuchaji. Kwa hiyo natuma kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Nikituma mchana, sauti inafukiwa chini ya mambo mengine.

Sasa kundi lenyewe. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 katika kundi, lakini usiweke shule nzima humo. Kidato kimoja, kundi moja. Na uweke mpangilio wa admini pekee ndiye anayetuma, ufungue siku moja ya wiki kwa maswali. Mimi nafungua Jumamosi. Kabla ya hapo tangazo la mtihani lilikuwa linapotea katikati ya matangazo ya vitenge na salamu za sikukuu. Jambo zito zaidi ni kwamba kila aliye kundini anaona namba za wenzake. Mama mmoja alisumbuliwa usiku na mwanaume aliyeichukua namba yake humo. Tangu wakati huo, asiyependa namba yake ionekane namweka kwenye orodha ya matangazo, ambayo kila mmoja anapokea peke yake. Orodha moja inabeba watu 256, na ina sharti: anayepokea lazima awe amehifadhi namba yako. Ndiyo maana kwenye kikao cha wazazi siondoki mbele kabla hawajatoa simu na kuihifadhi namba yangu hapohapo, nami napita kusaidia wazee.

Nina kosa langu ninalolijutia mpaka leo. Mwaka wa kwanza nilipiga picha karatasi ya matokeo ya jaribio, majina na alama, nikaitupa kundini. Niliona ni uwazi. Binti mmoja aliyepata alama nne kati ya mia hakuja shule siku tatu, kwa sababu majirani walikuwa wameshamwita kwa alama hiyo njiani kwenda kisimani. Nilikwenda kwao kuomba radhi, kwake na kwa mama yake. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, nilimkumbuka yeye. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Alama za mtoto ni taarifa zake. Leo alama ya mtoto naipeleka kwa mzazi wake tu, na kila mara naanza na kitu alichokipata.

Kama bado unadhani WhatsApp inatosha, nikupeleke Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Halafu Jumapili ya tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikakatika na intaneti ikaanguka karibu nchi nzima. Nilikuwa nimeshaandaa swali la Jumapili. Picha ikazunguka, ikazunguka, haikwenda. Nikachukua daftari nikaandika swali lilelile kwa SMS, nikalituma kwa namba moja moja. Jumatatu walioleta majibu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana safari hii swali lilifika na kwenye vitochi, kwa wazazi ambao miaka yote hiyo nilikuwa nimewaacha nje bila kujua.

Sasa kila tangazo kubwa linakwenda na SMS. SMS moja ina herufi 160 ukihesabu na nafasi, na Kiswahili chetu kinaenea humo vizuri. Usitie kikatuni cha uso au maua: ukiweka hata kimoja, nafasi inashuka hadi 70 na ujumbe mmoja unakatwa kuwa miwili au mitatu, na salio linaondoka. Huu ni mfano wangu wa kawaida: "Shikamoo. Ni mwalimu wa Hisabati. Jumatano kidato cha 2 wana jaribio. Naomba mtoto apate saa moja ya kusoma leo jioni. Ahsante." Hiyo inaingia katika ujumbe mmoja na nafasi inabaki.

Ile programu ya kulipia nitaipitia haraka. Ilikuwa nzuri kwenye karatasi: mahudhurio, matokeo, ada. Lakini ilitaka nywila, maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, na haikufunguka kwenye kitochi. Wazazi wengi waliingia mara moja, wakasahau nywila, wakarudi kunipigia.

Vyombo vya mwalimu mwenyewe ni hadithi nyingine, na hapo nina shukrani. Kishikwambi nilichopewa ni katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa kwa walimu. Nakitumia kusoma vitabu kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na zaidi kupakua taarifa za Baraza la Mitihani za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Mwalimu ambaye hajazisoma azitafute za somo lake leo. Zinaonyesha swali kwa swali watoto walikosea wapi, na majibu yenyewe yaliyoandikwa yamewekwa humo. Mafaili ni mazito, kwa hiyo napakua nikiwa mjini, asubuhi mapema mtandao ukiwa mwepesi. Maswali mengi ya Jumapili yanatoka humo.

Kuna jambo moja ambalo hakuna programu iliyonifundisha. Rejista ina nafasi ya namba ya baba au mlezi. Mimi nilikuwa napiga kwa baba, baba anasema sawa mwalimu, na utoro unaendelea. Mwalimu mwenzangu mzawa wa hapa akaniuliza, "Umeshaongea na mjomba wake?" Kwa Wamakonde, kama kwa Wamakua na Wayao, mjomba ana kauli juu ya mtoto wa dada yake. Nilimtumia sauti mjomba wa kijana mmoja aliyekuwa amepotea wiki mbili kwenye korosho. Jibu lake lilikuwa fupi: "Nimekusikia, mwalimu. Kesho atakuja." Akaja. Tangu hapo safu ya mjomba naichora mwenyewe kwa rula pembeni ya rejista.

Na msimu wa korosho ndio mtihani mkubwa wa kila ninachokisifu hapa. Kuanzia Oktoba familia nyingi zinahamia mashambani kuokota, umeme haupo, simu inazimwa siku tatu ili chaji ibaki ya kuulizia mnada. Wengine wako bondeni upande wa Ruvuma, ambako simu hudaka mtandao wa Msumbiji na ujumbe wangu unachelewa kufika. Wakati huohuo, Novemba, kidato cha pili na cha nne wanafanya mitihani ya taifa. Mwaka jana niliwapoteza watoto wawili kwa wiki nzima kwa sababu namba zote nilizokuwa nazo zilikuwa zimezimwa.

Kwa hiyo mwaka huu sisubiri Oktoba. Tangu Jumatatu napita darasani na daftari, mtoto mmoja mmoja, na swali langu ni hili: mkihamia shamba, jioni simu ya nani huwa inawaka?