Murabaha au musharaka: nyumba bila riba kwa mpangaji wa Unguja

Soko la nyumba likilala, muuzaji hulegeza bei na mpangaji wa Jang'ombe au Mpendae huanza kupiga hesabu: hii kodi ya mwaka mzima anayotoa kwa mkupuo si ingekuwa kianzio? Kwa asiyetaka riba, huduma za Kiislamu za mabenki zina njia mbili za kutazamwa, na soko linaposhuka njia hizo haziko sawa hata kidogo.

Murabaha inaeleweka upesi. Benki inanunua nyumba, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida. Bei hiyo haipandi tena, na adhabu ya kuchelewa kulipa, ikiwepo, huenda kwenye sadaka. Tuchukue nyumba ya shilingi milioni 80 (tarakimu ni za mfano, kila benki ina faida yake). Unaweka milioni 16, benki inatoa 64, nawe unalipa milioni 93.6 kwa miezi 120, yaani 780,000 kila mwezi, mwanzo hadi mwisho. Mwenye mshahara usioyumba atalala usingizi. Lakini nyumba ikiporomoka hadi milioni 65, deni halishuki nayo, na ukitaka kulimaliza mapema, punguzo ni hisani ya benki isipokuwa limo kwenye mkataba. Wengi hukwama hata kabla ya hapo: wamekwisha kuandikishana na muuzaji na kumlipa, ndipo wanakwenda benki. Benki haiwezi kukuuzia kitu ambacho tayari ni chako.

Musharaka inayopungua ni ubia. Kwa nyumba ileile, wewe una asilimia 20 na benki 80. Kila mwezi unanunua sehemu ya hisa ya benki na kulipa kodi kwa hisa iliyobaki. Nyumba ikikadiriwa kodi ya laki tano kwa mwezi, malipo ya kwanza ni 533,333 ya hisa na 400,000 ya kodi. Hapo ndipo panapouma: 933,333 kwa mtu aliyezoea kulipa laki tano. Baadaye kodi inateremka kwa kiasi cha 3,333 kila mwezi, na mwezi wa 48 malipo yote yanakuwa chini ya yale ya murabaha. Bei ya hisa na makadirio ya kodi yasipobadilika, jumla inayokwenda benki ni kama milioni 88.2.

Kifungu cha kusomwa mara mbili ni cha bei ya hisa. Mikataba mingine inaifunga kwa bei ya siku ya kwanza, na hapo ubia wenyewe ni wa jina tu, maana soko likishuka hasara ni yako. Mingine inafuata thamani ya sasa: soko likilala unanunua hisa kwa rahisi, likiamka unalipia. Uliza pia kodi hupitiwa kila baada ya muda gani, nani anamlipa mthamini, na paa likivuja nani anatoa. Matengenezo makubwa ya mali ya ubia hugawanywa kwa hisa, hayamwangukii mkaazi peke yake.

Kwa mpangaji anayenunua soko likiwa chini, mwenye akiba ya kuhimili miaka minne ya mwanzo, musharaka ya thamani ya sasa ndiyo bora. Yenye bei iliyofungwa haina faida kubwa juu ya murabaha.

Njia zote mbili hukwama kwenye karatasi. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992, kwa hivyo kinachonunuliwa ni haki ya kuitumia, na benki itataka hati iliyosajiliwa. Karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) haitoshi kuwekwa dhamana. Ukiambiwa kiwanja kimekatwa kwenye eka tatu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ondoka: zilitolewa kwa kulimwa, si kuuzwa. Nyumba ya mirathi inayouzwa kwa pupa ina mtihani wake. Warithi wote watie saini, akiwemo yule wa Maskati asiyepokea simu, na mafungu yao yawe yamekwisha kupitia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana au mahakama ya kadhi. Kabla ya hayo usitoe arubuni, hata dalali akisema yupo mnunuzi mwengine mlangoni.